Risasi isiyolia yawamaliza watoto wetu darasani

Kila mwalimu wa Kiswahili amewahi kuulizwa swali hili na mwanafunzi mdadisi: je, neno risasi maana yake hasa ni nini? Jibu huja kwa mafungu. Risasi ni madini mazito, laini, yenye rangi ya kijivu. Risasi pia ni kile kidude kinachofyatuliwa kutoka katika mtutu wa bunduki. Na sisi tuliosomeshwa na walimu wa zamani tunalikumbuka fungu la tatu, kalamu ya risasi, yaani penseli. Neno lenyewe tuliliazima kwa Waarabu, ambao nao hulitumia kwa mambo hayo hayo matatu.

Katika mafungu hayo, la pili ndilo tunaloliogopa. Mlio wa bunduki ukisikika mtaani, watu hulala kifudifudi. La tatu tunalipenda, kwa kuwa ndilo lililotufungulia mlango wa elimu. Lakini hilo la kwanza, madini yenyewe, hatuna habari nalo. Twayaacha yazagae uani, sokoni na gerejini kana kwamba ni kokoto. Nia yangu leo ni kuonyesha kwamba hapo ndipo tunapokosea, na kwamba walimu wana nafasi kubwa ya kulisahihisha kosa hilo.

Majuma machache yaliyopita nilikuwa nimeketi katika gereji moja mjini Mombasa, nikisubiri gari la rafiki yangu libadilishwe magurudumu. Fundi alikuwa akibandua kwa koleo vile vipande vidogo vya kusawazishia magurudumu, ambavyo hubanwa kwenye ukingo wa rimu ili gurudumu lizunguke bila kutetemeka. Kila alipokibandua kimoja alikitupa katika mkebe mkuukuu wa rangi. Mkebe ulikuwa umekaribia kujaa.

Mara akatokea mvulana wa umri wa miaka 12 hivi, amevaa sare ya shule, amebeba kigunia.

“Shikamoo, mzee,” aliniamkia.

“Marahaba, mwanangu. Waja kuchukua nini hapa?”

“Hivi vya risasi. Baba huviyeyusha akatengeneza chubwi za wavuvi.”

“Huviyeyushia wapi?”

“Uani kwetu, mzee, kwa jiko la makaa. Mimi humshikia sufuria.”

Akaupindua mkebe ndani ya kigunia. Vumbi la kijivu likatimka. Mikono yake ilikuwa imebadilika rangi kama ya mtu aliyekuwa akikoroga majivu. Kisha, bila ya kuipangusa, akatoa andazi mfukoni, akaanza kulila.

Nilitamani kumzuia, lakini alikuwa ameshashika njia, kigunia begani.

Sisemi haya kwa kumlaumu mtoto huyo wala baba yake. Kazi si aibu, na chubwi bila shaka ina manufaa yake. Mshipi usiokuwa na uzito hauzami, na mvuvi asiyezamisha mshipi hali samaki. Ninalolisema ni kwamba katika andazi lile mlikuwa na sumu, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyemfunza mtoto yule kuitambua. Hakufunzwa nyumbani, na naogopa kwamba hakufunzwa shuleni pia.

Kazi ya kuokoteza na kuyeyusha vipande hivyo si ngeni duniani. Huko Marekani wako watu wengi wanaozunguka gereji na maduka ya tairi na ndoo zao, wakivinunua kwa bei ndogo au wakiviomba bure. Hao hawatafuti chubwi. Hutafuta risasi za bunduki, kwa kuwa sheria ya nchi yao humruhusu raia kujitengenezea risasi za kuwindia au za kulengea shabaha. Hapa kwetu, kutengeneza risasi za bunduki bila ya leseni ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na mwanafunzi asije akaisoma makala hii akadhani ni mwaliko. Nawataja Wamarekani hao kwa sababu moja tu: wao wameijua hatari ya kazi yenyewe mapema kuliko sisi, na tunaweza kujifunza kwao.

Kwa nini wakavipenda vipande vya magurudumu? Kwanza, kwa miaka mingi vilikuwa rahisi kupatikana. Pili, vipande hivyo si risasi tupu. Ndani yake mna antimoni, aghalabu asilimia 3 hivi, pamoja na chembe za bati, na mchanganyiko huo huyafanya madini yawe magumu kidogo kuliko yalivyo asilia. Tatu, risasi huyeyuka upesi. Nyuzi 327 za Selisiasi zatosha, joto ambalo jiko la makaa hulifikia bila ya taabu, ilhali chuma huhitaji zaidi ya nyuzi 1500. Ndiyo maana kazi hii haihitaji tanuri wala kiwanda. Sufuria, makaa na ua mdogo vyatosha, na hapo ndipo penye balaa, kwani kile kinachoweza kufanyika uani hufanyika mbele ya watoto.

Hata hivyo, ndoo za wakusanyaji hao hazijai risasi siku hizi kama zamani. Umoja wa Ulaya ulikomesha matumizi ya vipande vya risasi kwenye magurudumu mwaka 2005. Jimbo la California likafuata mwaka 2010, na jimbo la Washington mwaka 2011. Vingi vya vipande vipya ni vya zinki au chuma. Mmoja wa uchunguzi uliochangia kuamsha watu ulichapishwa mwaka 2000, nao ulihusu barabara za mji wa Albuquerque. Ulionyesha kwamba vipande hivyo hubanduka, huanguka barabarani, kisha husagwa na magari mpaka vikawa vumbi linaloingia mitaani. Ikiwa risasi iliyoanguka njiani yenyewe iliwatia hofu, tuseme nini juu ya ile inayopikwa jikoni?

Wapenzi wa kuyeyusha risasi wana hoja yao, nayo si ya kipuuzi. Husema kwamba risasi haichemki mpaka ifikie nyuzi 1749, kwa hiyo katika joto la nyuzi 400 mvuke wake ni haba mno. Wanasema kweli. Lakini hatari kubwa haimo katika mvuke. Imo katika vumbi. Risasi iliyoyeyuka hufanya utando juu yake. Utando huo huenguliwa na kutupwa pembeni, hukauka, nao huwa unga wa kijivu au wa manjano. Unga huo hushika mikono, nguo, nywele na sakafu. Hauna harufu ya kumwonya mtu. Baba huingia nao ndani ya nyumba, mtoto hutambaa juu yake, mama huufagia ukaruka mpaka kwenye chungu cha mchuzi.

Wenye hekima miongoni mwa Wamarekani hao wanalijua jambo hilo vyema. Huyeyushia nje, mbali na nyumba. Hawali, hawanywi wala hawavuti sigara wakiwa kazini. Hunawa kwa sabuni, huvua nguo za kazi kabla ya kuingia ndani, na huwafukuza watoto mbali na chungu. Huogopa maji kuliko moto, maana tone moja likizama ndani ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke papo hapo na kuirusha risasi usoni mwa mtu. Wengine humwomba daktari awapime damu. Naye mvulana wetu? Yeye hushika sufuria kwa mikono mitupu, kisha akala andazi.

Tunaambiwa na Shirika la Afya Duniani kwamba hakuna kiasi chochote cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mwaka 2021 shirika hilo lilishauri kwamba mtu akipatikana na mikrogramu 5 au zaidi katika desilita moja ya damu, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Mwalimu wa sayansi na awaeleze wanafunzi wake ukubwa wa mikrogramu 5: ni sehemu tano katika milioni moja za gramu. Kipande kimoja tu cha gurudumu huweza kuwa na gramu kadhaa.

Mtoto huumia kuliko mtu mzima. Tumbo lake hufyonza risasi mara nne au tano zaidi ya tumbo la mtu mzima. Mwili wake huidhania risasi kuwa kalsiamu, ukaihifadhi katika mifupa kwa miaka na miaka. Msichana aliyeimeza akiwa mdogo huweza kumrithisha mwanawe sumu hiyo akiwa bado tumboni. Na mtoto asiyepata chakula chenye chuma na kalsiamu ya kutosha huifyonza zaidi. Kwa hivyo sumu hii humwonea maskini mara mbili: humkuta karibu na chungu, tena humkuta na njaa.

Inamfanya nini? Ikizidi sana humletea degedege, humfanya azirai, hata humuua. Lakini aghalabu haiji kwa kishindo. Huja kimyakimya. Hupunguza akili, huvuruga kumbukumbu, humfanya mtoto ashindwe kutulia na kusikiliza. Hupunguza damu mwilini, akawa mchovu na mwenye kusinzia. Na madhara yakishaingia katika ubongo hayana dawa ya kuyarejesha nyuma. Dawa zilizopo huweza kuitoa sehemu ya risasi mwilini, lakini haziwezi kuirudisha akili iliyokwisha kuibwa.

Mwalimu mwenzangu, hebu sasa litazame darasa lako. Yule unayemwita mtukutu, yule unayesema kichwa chake kigumu, yule anayelisahau leo somo la jana, je, umewahi kuuliza baba yake anafanya kazi gani? Umewahi kuuliza nyuma ya nyumba yao kuna nini? Sisemi kwamba kila mtoto aliye nyuma masomoni amelishwa risasi. Mtoto huweza kurudi nyuma kwa sababu chungu nzima. Nasema tu kwamba sababu hii nayo imo, na kwamba ni dhuluma kubwa kumsuta mtoto kwa ujinga aliotiwa na sumu.

Wako watakaosema kwamba nayakuza mambo. Hao nawakumbusha Owino Uhuru, mtaa ulioko hapa hapa Mombasa. Huko kilijengwa kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka katika betri kuukuu za magari, kikafanya kazi kati ya miaka 2007 na 2014. Mfanyakazi mmoja, Phyllis Omido, alimwona mwanawe mchanga akiugua, na damu ya mtoto ilipopimwa ikakutwa na risasi. Mama huyo akaacha kazi, akaanza kuwatetea wakazi, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Kesi ya wakazi hao ilikuwa ndefu. Mwezi Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo, na mwezi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Ni ushindi, waama. Lakini waliozaliwa kiwanda kilipofunguliwa walikuwa na umri wa miaka 17 hivi siku ya hukumu hiyo ya mwisho. Miaka yao ya kujifunza kusoma ilikwisha kupita. Mahakama huweza kuamuru pesa zilipwe. Haiwezi kuamuru mtoto arudi darasa la kwanza akiwa na ubongo mpya.

Nao wanaodhani kwamba hatari iko viwandani tu, wala si uani, waitazame Senegal. Katika kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, hapakuwa na kiwanda kikubwa. Palikuwa na watu wa kawaida waliovunjavunja betri kuukuu, na wengine waliochekecha mchanga wenye mabaki ya risasi ili wauze kilichopatikana. Mifuko ya mchanga huo iliwekwa hata ndani ya nyumba. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, watoto 18 walifariki. Wazazi wao hawakuwa wazembe. Walikuwa maskini waliotafuta riziki, kama baba wa mvulana wangu wa gerejini.

Hapa yafaa nijibu hoja nzito kuliko zote. Mtu wa jua kali ataniuliza: “Ukininyima risasi, watoto wangu watakula nini?” Swali hilo ni la haki, na asiyelijibu hana haki ya kutoa wasia. Mimi sisemi jiko lake lizimwe kesho kwa rungu la askari. Kufanya hivyo ni kuihamisha kazi kutoka uani hadi chumbani, ambako vumbi litakuwa baya zaidi. Nasema mambo manne.

La kwanza ni elimu. Katika somo la sayansi tunawafunza watoto kuzitaja metali na alama zake. Mwanafunzi hodari atakuambia bila ya kusita kwamba alama ya risasi ni Pb, kutokana na neno la Kilatini, na kwamba ni nzito mara 11 kuliko maji. Lakini atakuambia kwamba hainawi mtu mikono yake kabla ya kula baada ya kuishika? Mtaala wa umilisi unadai kwamba mtoto afunzwe mambo ya maisha yake. Basi haya ndiyo maisha yake. Somo moja la dakika 40 latosha kumfunza mambo matano: asiyeyushe wala kuchezea risasi, asikae penye kuyeyushwa, anawe kwa sabuni, asilale na nguo za kazi za wazazi, na asitumie kwa chakula chombo kilichopikiwa madini.

La pili ni upimaji. Serikali za kaunti zinapaswa kuwapima damu watoto wa shule zilizo karibu na mahali panapovunjwa betri au kuyeyushwa risasi. Mwalimu mkuu ndiye anayejua watoto wake wanatoka wapi. Barua yake kwa afisa wa afya ina uzito kuliko makala kumi za gazetini.

La tatu ni sheria. Ikiwa Ulaya imeweza kuishi bila ya vipande vya risasi kwenye magurudumu tangu mwaka 2005, kwa nini sisi tusiweze? Vya chuma na zinki vipo, na gurudumu halijui tofauti. Tukumbuke petroli yenye risasi. Ilisemekana kwamba magari hayawezi kwenda bila yake. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, Kenya ikiwemo, ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, na Agosti 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake hapa Nairobi, likatangaza kwamba dunia nzima imeiacha. Magari bado yanakwenda.

La nne ni riziki yenyewe. Gereji na maduka ya betri yakilazimishwa kuvikusanya vyuma hivyo na kuvipeleka kwa wenye leseni na vifaa vya kujikinga, mkusanyaji anaweza kulipwa kwa kukusanya pasipo kuyeyusha. Naye mvuvi anaweza kusaidiwa kurudia uzito wa jiwe au chuma. Babu zetu walivua samaki kwa mawe, na bahari haikuwanyima.

Nilianza na kalamu ya risasi, na yafaa niirudie. Kalamu hiyo haina risasi katika kiini chake. Katika karne ya 16, huko Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza, watu walivumbua kitu cheusi chenye kuandika wakadhani kuwa ni namna ya risasi, na kosa hilo likaganda katika lugha nyingi. Kitu chenyewe ni grafiti, ndugu ya makaa, nacho hakimdhuru mtoto. Kwa hivyo mtoto anayetafuna penseli yake mbele yako, mwalimu, hayumo katika hatari uliyoidhania. Aliye hatarini ni yule aliyeketi nyuma yake, mwenye vumbi la kijivu chini ya kucha, ambaye penseli anayo lakini hakumbuki la kuandika.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta huu hautajengeka, kwa kuwa matofali yake ni akili za watoto. Basi na tuuzibe ufa mapema. Kesho asubuhi, kabla ya kuita majina, mwalimu na atembee kati ya madawati aitazame mikono ya wanafunzi wake. Akiona ya kijivu, asimgombeze mwenye mikono hiyo. Amwulize kwa upole anakotoka, amwonyeshe sabuni ilipo, kisha aende akazungumze na baba yake.